Sinan Agha: seremala aliyelea wasimamizi wa majengo



Ndugu msomaji, mvua zinapokatika na mahindi yakishaingia ghalani, tanuri za matofali huanza kufuka moshi pembezoni mwa mji wa Songea, kuanzia Lizaboni hadi Ruhuwiko na upande unaoelekea Milima ya Matogoro. Huo ndio msimu wa kujenga. Familia huinua kuta za nyumba zao, na kamati za misikiti hurudi viwanjani na michango ya mwaka mzima. Lakini katika msimu huohuo mpita njia huyaona pia maboma ya zamani: kuta zilizofungwa lenta miaka mingi iliyopita na hazikupauliwa, nyasi zimeota ndani, na mvua zimekwisha kuyala matofali ya juu.

Tumezoea kusema kwamba fedha ziliisha, na mara nyingine ni kweli. Mara nyingine, hata hivyo, fedha zilikuwapo na mafundi walikuwapo, bali aliyekosekana ni mtu wa kuwaongoza mafundi hao: mtu ajuaye wiki hii yanahitajika mawe lori ngapi, nani alipwe nini na siku gani, kazi ipi itangulie na ipi isubiri, na ugomvi wa waashi wawili uamuliwe vipi kabla haujasimamisha kazi ya watu ishirini. Desturi yetu ni kumchukua mwashi aliye hodari kuliko wenzake na kumfanya msimamizi kwa siku moja, kana kwamba mkono unaojua kuinyoosha kozi ya tofali unajua pia kuyanyoosha mambo ya watu.

Na hasara yake haiishii kwenye maboma. Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha. Miaka kumi na moja baadaye, tarehe 16 Novemba 2024, jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua tena. Haifai kwa ukurasa huu kuhukumu makosa ya mtu mmoja mmoja. Vyombo vinavyohusika vipo kwa kazi hiyo. Ila kila jengo linapoanguka swali la usimamizi hurejea, na Waislamu tunalo jambo la kujifunza juu yake kutoka katika historia yetu wenyewe.

Ijumaa hii, basi, tumtazame Sinan Agha, msanifu mkuu wa Dola ya Uthmania, ambaye wengi humjua kwa kuba za misikiti ya Istanbul na Edirne. Kuba hizo zimeandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo katika lugha yetu ni kwamba mtu huyu, kabla ya kuwa msanifu, alikuwa seremala na askari, na kwamba kazi yake kubwa kwa muda wa miaka karibu hamsini ilikuwa kuwasimamia watu na kuwafunza wasimamizi wengine.

Sinan alizaliwa karibu na mwaka 1490 katika kijiji cha Ağırnas, karibu na mji wa Kayseri katikati ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Wazazi wake walikuwa Wakristo. Mnamo mwaka 1512 hivi, katika utawala wa Sultani Selim wa Kwanza, alichukuliwa kwa utaratibu ulioitwa devshirme, ambao kwao dola ilikusanya vijana wa Kikristo kutoka vijijini, ikawasilimisha na kuwaingiza katika utumishi wake. Hatuna haja ya kuupamba utaratibu huo. Kijana alitengwa na mama yake bila kuulizwa, na wanazuoni wamejadili tangu zamani kama jambo hilo lilikuwa na msingi katika sheria. Sinan mwenyewe alikuwa Mwislamu wa kweli hadi kufa kwake, lakini hakuwasahau watu wa kwao. Mwaka 1573, baada ya kisiwa cha Cyprus kutekwa na Sultani kuamuru familia nyingi zihamishiwe huko kwa nguvu, mzee huyo aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka themanini aliomba jamaa zake wa Kayseri wasihamishwe, na amri ya kuwaachia ikatolewa. Kuna mengi ya kujua juu ya mtu kutokana na yale anayoyaomba akiwa na cheo.

Vijana waliochukuliwa kwa namna ile waliitwa wanagenzi, na kila mmoja alifundishwa kazi ya mikono huku akijifunza dini, lugha na uaskari. Sinan alijifunza useremala. Tulikumbuke hilo, kwa sababu seremala wa jengo ndiye anayetengeneza majukwaa ya waashi na kalibu za mbao ambazo matao hujengwa juu yake. Mwashi huliona jiwe lake. Seremala hulazimika kuliona jengo zima kabla halijawapo, ajue uzito utasimama wapi na kalibu itaondolewa siku gani.

Kisha akaenda vitani. Alikuwapo Belgrade mwaka 1521, Rhodes mwaka 1522 na Mohács mwaka 1526. Baada ya Mohács alipewa cheo cha kuongoza kikosi cha wanagenzi wa jeshi, yaani vijana wa aina ileile aliyokuwa yeye miaka michache nyuma. Naona hapa ndipo usimamizi wake ulipoanzia. Kumwongoza kijana ambaye hajajua kushika nyundo, akiwa na hasira, akiwa na njaa, mbali na kwao, ni mafunzo ambayo hakuna karatasi inayoweza kuyatoa yote.

Katika safari za kivita za Iraki na Uajemi, zilizopita Baghdad mwaka 1534, jeshi lilihitaji kujua habari za adui ng'ambo ya Ziwa Van. Lutfi Pasha, mmoja wa mawaziri, alimtaka Sinan atengeneze vyombo vya majini. Akatengeneza merikebu tatu akiwa na askari wenzake, akazifunga mizinga na kuziongoza mwenyewe.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1538, jeshi lilipokuwa likielekea Moldavia na kuukuta Mto Prut. Kingo za mto zilikuwa tope tupu. Mafundi waliotangulia walijaribu kusimamisha daraja kwa siku kadhaa, na kila walichosimamisha kikazama. Lutfi Pasha akalitaja tena jina la Sinan. Aliwakusanya maseremala wa jeshi na katika siku 13 daraja likawa tayari, Sultani Suleiman akavuka na jeshi lake lote. Tukiitazama kazi ile kwa jicho la mjenzi, siri yake haikuwa ubora wa mbao, kwa maana mbao zilikuwa zilezile zilizozama mwanzo. Siku 13 kando ya mto, na jeshi zima likingoja nyuma yako na mtawala akitazama, ni suala la kupanga: nani akate, nani abebe, nani apigilie, zamu ibadilike lini, na chakula cha watu hao kitoke wapi.

Mwaka uliofuata kiti cha msanifu mkuu kilikuwa wazi, na Lutfi Pasha, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu, akampendekeza Sinan. Alikuwa na miaka karibu hamsini. Uzeeni alimsimulia rafiki yake mshairi, Sai Mustafa Çelebi, habari za maisha yake, na katika kumbukumbu hizo alikiri kwamba ilimwia vigumu kuiacha njia ya uaskari, ila alijifariji kwa kuwa kazi mpya ingemwezesha kujenga misikiti mingi. Alijifananisha pia na bikari, ambayo mguu wake mmoja umekita mahali pamoja na mwingine unazunguka, maana katika safari zile za vita alikuwa akiyatazama magofu na majengo ya kila nchi na kujifunza kitu kwa kila moja.

Hapa msomaji aelewe cheo hicho kilikuwa nini. Msanifu mkuu aliongoza idara ya wasanifu wa Sultani, wenye kutengeneza ramani, kukadiria gharama, kukagua majengo ya mji, kutunza mifereji ya maji na kupelekwa mikoani kusimamia kazi. Dola ilienea kutoka Hungaria hadi Makka na Yemen. Hesabu ya kazi zinazonasibishwa kwa Sinan hupita mia tatu na hamsini: misikiti, madrasa, madaraja, hospitali, hamamu, majiko ya kulisha maskini. Haiwezekani mtu mmoja ayasimamie kwa macho yake majengo yaliyotapakaa namna hiyo. Mengi ya yale yaliyokuwa mbali na Istanbul yalisimamiwa na wasanifu aliowatuma na mafundi wa mahali penyewe, wakifuata michoro na maagizo. Kwa hiyo hakuwa na hiari: ama afundishe watu anaoweza kuwaamini, ama kazi isifanyike.

Kazi iliyoonyesha namna alivyofanya ni Msikiti wa Suleimaniya mjini Istanbul, ulioanzwa mwaka 1550 na kufunguliwa mwaka 1557. Msikiti huo si kuba tu, ingawa kuba yake ina upana wa zaidi ya mita 26 na kimo cha mita 53 hivi kutoka sakafuni. Umezungukwa na madrasa, hospitali, shule ya utabibu, jiko, nyumba ya wageni na hamamu, vyote juu ya kilima chenye mteremko, hivyo kwamba sehemu kubwa ya fedha na nguvu za mwanzo ilizikwa ardhini, katika misingi na kuta za kushikilia udongo. Mji huo hutikiswa na matetemeko. Lile la mwaka 1509 liliuvunja vibaya. Sinan hakuwa mtu wa kuharakisha msingi.

Bahati njema, madaftari ya hesabu za ujenzi ule yamehifadhiwa, na mwanahistoria wa Kituruki Ömer Lütfi Barkan aliyachambua na kuyachapisha katika karne ya ishirini. Kutokana nayo twajua mambo ambayo kwa majengo mengi ya zama zile hayajulikani kabisa. Mafundi walioandikwa majina yao, na mahali wanakotoka, walikuwa wapatao 3,500. Zaidi kidogo ya nusu yao walikuwa Wakristo. Waashi wa mawe, maseremala, wahunzi, wapaka rangi na wafua risasi, kila kundi lilikuwa na mkubwa wake, na siku alizofanya kazi kila mtu zilihesabiwa na kulipwa. Zaidi ya nusu ya siku za kazi zilifanywa na watu huru wenye ujira; sehemu kubwa ya zilizobaki ilifanywa na wanagenzi wa dola; na sehemu ndogo, karibu asilimia 5, ilifanywa na watumwa wa merikebu. Hilo la mwisho linachoma, na halifutiki kwa uzuri wa jengo. Nalitaja kwa sababu daftari lililoandikwa kwa uaminifu huonyesha pia yasiyompendeza mwenye jengo.

Jambo jingine katika utaratibu ule linastahili tulikalie kidogo. Msanifu hakushika fedha. Palikuwa na ofisa mwingine aliyeteuliwa kwa kila jengo kubwa, aliyeitwa kwa Kituruki bina emini, na neno hilo emini ndilo amini letu, mtu wa amana. Yeye ndiye aliyepokea fedha, aliyenunua, aliyelipa na aliyeandikisha madaftari. Msanifu alisema panahitajika nini; amini akakitafuta na kukilipia; makarani wakaandika. Hakuna aliyeweza kuificha hesabu yake peke yake. Sasa tuzitazame kamati zetu. Ni mara ngapi mtu mmoja, tena mwenye nia njema kabisa, ndiye mwenyekiti, ndiye mshika fedha, ndiye mnunuzi wa saruji na nondo, na ndiye anayesimama kiwanjani jioni kuwalipa vibarua kutoka mfukoni mwake, huku karatasi zikipotea moja baada ya nyingine? Mtu huyo akisingiziwa, hana cha kujitetea. Akikosea kweli, hakuna wa kujua mapema. Uthmania wa karne ya kumi na sita hawakuwa malaika, na ndiyo maana walizitenga kazi hizo mbili.

Vifaa navyo vilihitaji uongozi wa aina yake. Nguzo nne kubwa za itale zilizomo ndani ya msikiti zilitoka mahali mbalimbali, moja ikiletwa kwa bahari kutoka Iskandaria na nyingine ikitoka Baalbek nchini Lebanoni, na kila moja ilitaka njia yake, wanyama wake, chombo chake na watu wake. Mawe ya kuta yaliunganishwa kwa vibano vya chuma vilivyomiminiwa risasi ya moto ili visilegee wala kuota kutu. Kazi hiyo humtaka mhunzi, mwashi na mwenye kuyeyusha risasi wawe mahali pamoja kwa saa moja. Mmoja akichelewa, wote wanakaa bure, na ujira wao unahesabiwa.

Watu wenye husuda hawakukosekana. Kumbukumbu alizomsimulia Sai Mustafa zinaeleza kwamba kazi ilipokaribia mwisho, Sultani aliambiwa kuwa kuba haitasimama na kwamba msanifu wake amepotewa na akili, hajui namna ya kuitoa kalibu. Suleiman akaja kiwanjani akiwa amekasirika, akataka kujua jengo litamalizika lini. Sinan akajibu kwamba litamalizika kwa miezi miwili. Waliosikia walidhani hofu ndiyo iliyosema. Baadaye aliitwa na kuulizwa tena mbele ya wakubwa, naye akakariri jibu lilelile. Kisha akarudi, akaongeza mafundi, akaisukuma kazi bila kupumzika, na miezi miwili ilipotimia alikabidhi ufunguo. Sultani akamrudishia ufunguo huo ili yeye aliyejenga ndiye afungue mlango.

Wasomaji wengine huenda wamesikia pia kisa cha Sultani kumkuta Sinan akivuta kiko cha maji ndani ya msikiti, kumbe akipima namna sauti inavyosafiri. Ni kisa kitamu, lakini tumbaku haikuwa imefika katika nchi zile wakati huo. Ilianza kujulikana huko baada ya kifo chake. Kisa cha miezi miwili kinatosha, na kina faida zaidi. Aliyeijua kazi yake kwa hesabu ya siku na watu aliweza kutaja tarehe mbele ya mtawala mwenye hasira, na asiibadilishe alipoulizwa mara ya pili.

Haikuwa kila mara kwamba mambo yalimwendea vyema. Kati ya mwaka 1554 na 1563 alijenga mfumo wa kuleta maji Istanbul kutoka misitu iliyo kaskazini ya mji, uitwao Kırkçeşme, wenye madaraja marefu ya kupitishia maji juu ya mabonde. Sisi wa Songea, tunaokaa chini ya Matogoro ambako Mto Ruvuma unaanzia, twajua kwamba maji ya mlimani ni neema na ni hatari. Mwaka 1563 mvua kubwa zilishusha mafuriko yaliyobomoa sehemu ya madaraja yale, kazi ikiwa ndiyo kwanza inakamilika. Gharama ilikuwa kubwa na aibu pia. Sinan alirudi bondeni akajenga upya, na daraja la Mağlova alilolisimamisha baada ya mafuriko ndilo ambalo wahandisi hulisifu hadi leo, kwa nguzo zake zilizotanuka chini kama mtu aliyepanua miguu kuukabili mkondo.

Baadaye zikafuata kazi nyingine ambazo hatuwezi kuzieleza zote: daraja refu la Büyükçekmece lililokamilika mwaka 1567, ukarabati wa Ayasofya, ambayo aliizidishia nguzo za kuegemeza kuta, na Msikiti wa Selimiya mjini Edirne, ulioanzwa mwaka 1568 na kukamilika mwaka 1575, wenye kuba ya zaidi ya mita 31 kwa upana juu ya nguzo nane. Aliujenga akiwa karibu na miaka themanini. Inasimuliwa kwamba aliuita Msikiti wa Shehzade wa mwaka 1548 kazi yake ya uanagenzi, Suleimaniya kazi ya fundi aliyehitimu, na Selimiya kazi ya ubingwa. Kama ni kweli alisema hivyo, basi alijihesabu mwanagenzi akiwa tayari ni msanifu mkuu wa dola, na akiwa amekwisha kupita nusu karne ya umri.

Ni katika jambo hili la uanagenzi ndipo sifa yake kubwa ilipo, kwa maoni ya mwandishi. Tumchukue mmoja wa wanafunzi wake, Mehmed Agha. Huyu naye aliletwa Istanbul kijana. Alianza kujifunza muziki, akauacha, akaingia katika karakana ya bustani ya Sultani kujifunza kunakshi mbao kwa chaza, na kwa kazi hiyo akapata jina la Sedefkâr, yaani fundi wa lulumizi. Alikaa chini ya mafunzo ya Sinan na wakubwa wa karakana kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakukabidhiwa msikiti mkubwa mara tu mkono wake ulipokuwa hodari. Alipewa utumishi wa namna nyingi, miongoni mwake usimamizi wa maji ya mji, na ndipo mwaka 1606 akawa msanifu mkuu. Yeye ndiye aliyejenga Msikiti wa Sultani Ahmed, ule maarufu wenye minara sita, kati ya mwaka 1609 na 1617.

Mwanafunzi mwingine, Davud Agha, aliyemrithi Sinan moja kwa moja, naye alipitia usimamizi wa maji kabla ya kufikia cheo hicho. Nadhani hili halikuwa jambo la kubahatisha. Msimamizi wa maji hafanyi jengo moja la fahari. Kila siku ana mfereji uliopasuka mahali fulani, mwenye nyumba anayelalamika, mwingine anayechepusha maji kwa wizi, vibarua wa kutuma huku na huko, na bajeti isiyotosha. Akimaliza miaka kadhaa ya kazi hiyo, amekwisha kujua watu. Msikiti aweza kukabidhiwa.

Kwetu leo mlango wa mafunzo haujafungwa. Chuo cha VETA kipo Songea, na Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, limekuwa na jukumu la kuwaendeleza watu wa sekta hii, wakiwamo wale wa kusimamia miradi. Vijana wetu wengi huenda chuoni kujifunza uashi, useremala, bomba na umeme, nao hurudi mafundi wazuri. Ni wachache wanaorudishwa tena, wakiwa na miaka kumi ya kazi mkononi, kujifunza kupanga ratiba, kusoma mkataba, kuandika daftari la stoo, kuendesha kikao cha asubuhi na mafundi, na kumkatalia mwenye jengo anapotaka kuondoa nondo ili kubana gharama. Kamati ya msikiti inayotumia mamilioni kwa saruji ingeweza kumlipia ada fundi wake mmoja, na sehemu hiyo ya mchango isingekuwa sadaka ndogo.

Karibu na mwaka 1584 Sinan alikwenda Hija, mzee wa zaidi ya miaka tisini kwa hesabu yoyote. Kazi za idara hazikusimama. Mmoja wa wasanifu wake alikaa mahali pake hadi aliporudi. Aliacha wakfu wake mwenyewe, ukiwamo msikiti mdogo na skuli ya watoto. Akafariki mwaka 1588, akiwa amewatumikia masultani watatu kama msanifu mkuu: Suleiman, Selim wa Pili na Murad wa Tatu.

Kaburi lake lipo kwenye pembe ya nje ya Suleimaniya, mahali ambapo njia mbili zinakutana, katika kiwanja chembamba cha pembe tatu ambacho wengi hukifananisha na bikari iliyofunguliwa. Ni dogo, na mpita njia asiyeambiwa aweza kulipita. Maandishi yake yalitungwa na Sai Mustafa. Yanataja idadi ya misikiti, na katika kazi zake za ujenzi yanalitaja kwa jina daraja la Çekmece.

Mwanafunzi wake mwingine, Hayreddin, alikuwa amepelekwa Bosnia wakati wa Sultani Suleiman kujenga daraja la tao moja juu ya Mto Neretva mjini Mostar. Lilikamilika mwaka 1566 na likasimama miaka 427, hadi tarehe 9 Novemba 1993 lilipobomolewa kwa mizinga katika vita vya nchi ile. Vita vilipokwisha, waliokabidhiwa kulijenga upya waliamua kulirudisha kwa njia yake ya asili. Waashi wa zama zetu wakarudi kulekata jiwe la aina ileile, wakajifunza upya namna ya kuchonga, kuunganisha kwa vibano vya chuma na kumimina risasi ya moto katika matundu yake, jiwe kwa jiwe, juu ya kalibu ya tao. Daraja lilifunguliwa tena tarehe 23 Julai 2004, na vijana wa Mostar wakarejea kwenye desturi yao ya kujirusha mtoni kutoka juu yake.